Hakimu hakuitaja kura yangu

Wiki iliyopita dada mmoja wa Micheweni, Pemba, kaniandikia ujumbe. Ni mrefu, natoa kipande tu: "Kaka, mume wangu katoka chuoni mwaka jana. Kila nikimwambia akashughulikie kitambulisho ananijibu kuwa mtu aliyewahi kufungwa hana kura tena mpaka anaingia kaburini. Ni kweli?"

Si kweli, dada yangu. Lakini nimeona nisikujibu kwa mstari mmoja, kwa sababu mimi mwenyewe niliishi na imani hiyo hiyo kwa miaka minne, na wala hakuna aliyenidanganya. Nilijidanganya mwenyewe.

Wengi mnanijua kwa makala zangu za mashine za boti na za kuanza biashara kwa mtaji mdogo. Mnanisoma kwa sababu mnataka mlitakalo wote: kusimama kwa miguu yenu, jina lenu litajwe kwa heshima, watoto wasome. Sehemu hii ya maisha yangu sijawahi kuiandika. Leo naiandika.

Nilifungwa kwa magendo ya karafuu. Mwaka ule mikarafuu ilizaa sana, na kila Mpemba anajua kwamba karafuu mnunuzi wake ni mmoja, shirika la serikali, na ng'ambo ya maji kuna watu wanangojea kwa bei yao. Nilikuwa na deni. Nikajaza mapolo sita, nikayapakia kwenye mashua usiku katika bandari bubu moja iliyozungukwa na mikoko. Juu yake nikatandaza turubai, juu ya turubai nyavu, juu ya nyavu dagaa wa siku mbili. Lakini karafuu haifichiki. Upepo uligeuka kidogo tu, ikanitaja. Askari wa doria walikuwa hawajatuona bado, walikuwa wameshatunusa.

Nilikosa. Sijawahi kusema vyengine mahakamani na sisemi vyengine hapa. Novemba 2019 hakimu akanihukumu miezi 18.

Kwa wasomaji wa Bara nieleze kidogo. Kwetu Zanzibar huambiwi umepelekwa gerezani. Idara inaitwa Chuo cha Mafunzo, na wewe uliyefungwa unaitwa mwanafunzi. Ndiyo maana yule dada kaandika "katoka chuoni". Mwanzo neno hilo lilinichoma, nikaona ni kebehi. Baadaye nikalishika kama ahadi: kama mimi ni mwanafunzi, basi ipo siku nitamaliza masomo na nitarudi kwa watu nikiwa mtu.

Uandikishaji wa wapiga kura wa mwanzo wa 2020 ulinipita nikiwa ndani. Sikuujali. Nilichokuwa nahesabu ni siku na barua za mke wangu. Kilichonivunja kilikuja Oktoba. Uchaguzi mkuu ulikuwa tarehe 28, na kwa sheria yetu ya Zanzibar ya 2018 kuna kura ya mapema, siku moja kabla, kwa askari na wale watakaokuwa kazini siku yenyewe. Tarehe 27 askari mmoja alirudi zamu. Alikuwa kijana mpole, hakuwahi kunitukana hata siku moja. Jioni akasimama kwenye sufuria la uji, nami nikasogeza bakuli langu. Nikaona kidole chake. Wino umekipaka mpaka umeingia kwenye kucha, mweusi, bado unang'aa. Nikakitizama kidole kile, mkono wangu ukainama, uji ukanimwagikia miguuni.

Mzee mmoja niliyelala naye chumba kimoja akaniuliza, "Umeungua?" Nikamwambia sikuungua. Usiku ule sikulala. Nilijiuliza jambo moja tu: yule hakimu aliponisomea hukumu, alisema miezi 18. Alisema nikae mbali na watu wangu miezi 18. Hakusema nisiwe Mzanzibari. Kura yangu hakuitaja. Nani basi aliichukua?

Nikatoka mwanzo wa 2021. Miezi ya mwanzo naipita, haina hadithi: kutafuta kazi, kukataliwa, kutafuta tena. Nakuja kwenye siku niliyokwenda kwa sheha, ndiye kiongozi wa serikali wa mtaa kwetu Zanzibar.

Kitambulisho changu cha Mzanzibari Mkaazi kilikuwa kimeharibika. Bila ya hicho huandikishwi katika daftari la wapiga kura la Zanzibar, na ili ukipate sheha lazima akutambue. Nikaenda asubuhi. Barazani kulikuwa na watu kama wanane, wengine wazee niliokua mbele yao. Nikasalimu, nikaeleza shida yangu. Sheha akanitizama, akasema kwa sauti ya kila mtu, "Wewe si ulikuwa ndani? Sasa kitambulisho cha nini, unataka kupiga kura na wewe?"

Mtu mmoja akacheka. Mmoja tu. Nikaaga, nikaondoka. Sikumjibu sheha, sikurudi kesho yake, sikurudi mwaka ule wala uliofuata. Bado kicheko kile nakisikia, na nimeshasamehe lakini sijasahau, nisiseme uongo.

Sasa sikilizeni kosa langu lilikuwa wapi. Sheha hakuninyima haki. Sheha alisema neno la kuumiza, basi. Aliyeamua kutorudi ni mimi. Nilijifunga mara ya pili, na safari hii bila ya hakimu.

Nilipoanza kutafuta sheria inasemaje ndipo nilipoona aibu yangu ilivyokuwa haina msingi. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977, ibara ya 5, inampa kila raia aliyefika miaka 18 haki ya kupiga kura, na inaliachia Bunge liweke vizuizi kwa mambo machache, mojawapo ni kutiwa hatiani kwa makosa fulani ya jinai. Sheria ya uchaguzi ya zamani ikasema kwa jumla tu: aliye chini ya hukumu ya kifo au kifungo kinachozidi miezi sita haandikishwi. Aliye chini ya hukumu! Maana yake anayetumikia. Aliyemaliza hakutajwa. Miaka yote ile nilikuwa nabeba kifungo ambacho hakikuandikwa popote.

Na hata hilo la wanaotumikia lilipelekwa mahakamani. Raia wawili, Tito Magoti na John Tulla, walifungua shauri, na Desemba 2022 Mahakama Kuu, Dar es Salaam, ikasema kifungu kile kinakwenda kinyume na Katiba. Katiba inazungumzia makosa fulani, sheria ikapima urefu wa kifungo bila kujali kosa ni lipi. Kuna jambo moja kuhusu Magoti lilinigusa: Oktoba ile ya 2020, nilipomwagikiwa na uji, naye alikuwa mahabusu huko Bara. Hatujuani wala hatutajuana, lakini siku ile sote wawili tulikuwa nje ya foleni.

Baadaye Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ikaweka vituo vya kuandikisha ndani: 130 kwenye magereza ya Bara, na 10 kwenye vyuo vya mafunzo vya Zanzibar. Waliolengwa ni mahabusu na waliohukumiwa kifungo cha chini ya miezi sita. Niliposoma nilifurahi mpaka nikasimama. Kisha nikakaa, nikafikiri: miezi sita? Mimi wa miezi 18 nisingeingia. Nani alisema uraia unaishia mwezi wa sita? Majirani zetu Wakenya, wafungwa wao walipiga kura ya maoni ya katiba Agosti 2010, na 2017 wakamchagua rais. Afrika Kusini, Mahakama ya Katiba ililiamua hili 1999, na hukumu iliandikwa na Jaji Albie Sachs, mtu ambaye ukaburu ulimfungia peke yake chumbani miaka ya sitini. Aliandika kwamba kura ya kila raia ni alama ya heshima na ya utu wake. Anayejua mlango unavyolia ukifungwa kwa nje, huyo ndiye aliyeandika.

Niliyasema haya barazani kwetu, mwanamke mmoja jirani yangu akaniuliza swali ambalo lazima niliweke hapa. Yeye aliibiwa ng'ombe. Asubuhi alikuta kichwa na utumbo tu chini ya mwembe. Akaniambia, "Aliyenichinjia ng'ombe wangu, kura yake iwe sawa na yangu?"

Nilinyamaza. Mtu aliyepoteza ng'ombe wa maziwa huwezi kumjibu kwa ibara za katiba. Nikamwambia hivi: huyo mtu afungwe, na akulipe ng'ombe wako, na kama hajalipa mimi nitasimama nawe kumdai. Lakini kumnyima kura hakukurudishii hata kwato. Na kuna hatari ukubwa wake unazidi ng'ombe. Tukikubali kwamba anayefungwa hana kura, basi mwenye uwezo wa kufunga ana uwezo wa kuchagua nani apige kura. Sisi watu wa visiwa hivi si wa kufundishwa hilo. Maalim Seif Sharif Hamad, mtoto wa Mtambwe, alikaa ndani kuanzia 1989 hadi 1991. Mwaka 2010 akawa Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar. Mtu anaweza kutoka kule na bado nchi ikamhitaji.

Jirani yangu hakukubali. Alisema nampendelea mwizi kwa sababu nimelala naye chumba kimoja kule ndani. Tukaachana hivyo, na bado ananiletea maziwa ya ng'ombe wake mpya. Mie naheshimu uchungu wake, ila msimamo wangu haujatikisika: adhabu ni ile aliyoisoma hakimu, na kila kinachoongezwa na watu barabarani ni dhulma.

Kilichonirudisha kwa sheha hakikuwa ushujaa. Alikuwa binti yangu. Alitimiza miaka 18, anahitaji kitambulisho chake, akaniambia, "Baba, twende sote, wewe ndiye baba yangu, nani mwengine ataniongoza?" Sikuweza kumwambia baba yako anaogopa kucheka kwa mtu mmoja. Nikavaa kanzu, nikachukua bahasha. Ndani ya bahasha niliweka kitambulisho kilichoharibika, cheti cha kuzaliwa, na karatasi ya kuachiwa kutoka chuoni. Karatasi ile nilikuwa nimeificha chini ya godoro miaka minne, imejikunja pembe zote.

Sheha alikuwa yule yule. Nikaiweka karatasi mezani kabla hajasema neno. Nikasema, "Sheha, hii ndiyo ithibati kwamba nimemaliza. Nimekuja na mwanangu." Akaisoma. Akainamisha kichwa, akatugongea muhuri wote wawili. Hakuomba radhi, nami sikudai.

Jamani, hapo ndipo ushauri wangu wote ulipo. Karatasi ya kuachiwa msiichome moto. Nimeona wenzangu wanaichoma siku ya kutoka, wanasema wanachoma mikosi. Hiyo ndiyo silaha yako. Ihifadhi, itolee nakala kivuli, nenda nayo. Wala usiende peke yako. Nenda na mtu anayekuita baba, au mama, au kaka, kwa sababu mbele ya sheha utahitaji mtu wa kukukumbusha wewe ni nani. Majina yakibandikwa kwa ajili ya uhakiki nenda ukalitafute jina lako mwenyewe, usimtume mtu. Na mnaosoma mkiwa na ndugu mahabusu: huyo hajahukumiwa kwa lolote. Ulizeni mapema uandikishaji wa ndani utakuwa lini, msingoje kuambiwa.

Haki iliyoko kwenye karatasi na haki uliyonayo mkononi ni vitu viwili. Hata Marekani, watu wa Florida walipiga kura 2018 kuwarudishia haki hiyo waliomaliza vifungo, mwaka uliofuata ikapitishwa sheria inayowataka kwanza wamalize kulipa faini na gharama za kesi. Mlango umefunguliwa, kizingiti kimepandishwa. Kwetu kizingiti ni ile baraza yenye watu wanane. Uvukeni. Msiwaachie wengine wawasemee, nyinyi mnaotaka maisha ya heshima. Heshima haianzii kwenye duka wala kwenye boti, inaanzia siku unapokubali kuhesabiwa.

Oktoba 2025 nilisimama foleni kwenye skuli ya kijijini kwetu. Binti yangu mbele yangu. Nilipotoa kidole kupakwa wino, yule msimamizi aliniambia nisitetemeke, atanichafua kanzu. Ikachafuka. Doa liko hapa kwenye mkono wa kulia, mke wangu kalifua mara tatu halitoki, nikamwambia aliache.

Dada wa Micheweni, mumeo mwambie kwamba kitambulisho hakingoji uchaguzi, ofisi ziko wazi siku zote za kazi. Karakana yangu iko Wete, karibu na bandarini, ukiuliza fundi wa mashine watakuonyesha. Aje Jumatatu, kabla ya saa mbili, na karatasi yake. Kama kaichoma, aje hivyo hivyo, tutaanzia chuoni kuomba nyengine. Nitafunga karakana, nitakwenda naye mpaka kwa sheha wake.