Ukitaka kucheza chesi ndotoni, anza na kete tatu

Wengi wanaoanza kujifunza kuota huku wanajua kuwa wanaota hutarajia kuketi mbele ya ubao na kupiga hesabu ya hatua kumi kwa utulivu wasioupata mchana. Mimi pia nilitarajia hivyo. Siku ya kwanza niliyojitambua ndotoni nilikuwa ukumbini, kete zimepangwa, zamu yangu. Nikatupia saa jicho, kisha nikarudi kwenye ubao: farasi wangu walikuwa watatu, askari wote wametoweka. Nikatazama tena, kila kitu kimebadilika.

Ndotoni maandishi, tarakimu na mpangilio wa vitu havitulii. Kwa hiyo usipeleke huko mchezo mzima. Peleka kete tatu: mfalme mweupe e6, askari wake e5, mfalme mweusi e8 (herufi hutaja safu ya wima ya ubao, namba hutaja mstari wa mlalo). Mweupe anashinda, zamu iwe yake au ya mwenzake. Icheze kwanza mchana ukiwa umefumba macho, ukitaja kila mraba na rangi yake, mpaka usikwame. Kazi hiyo ilinichukua wiki tatu, na nakuambia kwa dhati, ndiyo iliyoninoa kuliko ndoto yenyewe.

Ndoto ilinisaidia kwenye woga. Nilikuwa naharibu michezo niliyokwisha kuishinda. Zikibaki dakika mbili mkono unatetemeka, nagusa kete nisiyoikusudia. Ndotoni namweka mpinzani mbele yangu, nasikia saa, navuta pumzi, nasogeza mfalme taratibu. Nikiamka, mwili unakumbuka ule utulivu.

Mwaka 2010 watafiti Daniel Erlacher na Michael Schredl walieleza jinsi watu waliofanikiwa kufanya mazoezi ya kurusha sarafu kwenye kikombe wakiwa ndotoni walivyolenga vizuri zaidi walipoamka. Mwaka 2021 utafiti mwingine ulionyesha mtu aliye usingizini akijibu swali kwa kuchezesha macho: 8 kutoa 6. Ona udogo wa hesabu yenyewe, kisha upime matarajio yako.

Njia niliyoifuata ni ya Stephen LaBerge, aliyefanya utafiti wake wa ndoto Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Usingizi wa ndoto nyingi hurefuka kuelekea alfajiri, kwa hiyo naamka baada ya kulala saa tano hivi, naandika daftarini ndoto niliyotoka nayo, kisha narudi kulala nikijiambia, "Nikiota tena, nitajua naota," huku nikijiona nimerudi ndani ya ndoto ileile. Mchana najizoeza kutazama saa mara mbili na kujiuliza kama niko macho. Ilinichukua zaidi ya mwezi kufanikiwa.

Usijaribu haya usiku wa kuamkia mashindano. Nilijaribu, nikaingia uwanjani na macho mazito, hatua ya 11 nikatoa farasi bure.

Jambo jingine: unaweza kuamka huwezi kusogeza hata kidole, kifua kizito. Wazee wetu huliita jinamizi. Misuli hulegezwa wakati wa kuota, na mara nyingine akili huamka kabla yake. Tulia, pumua, itapita. Lakini kama linakujia mara kwa mara, au una matatizo ya usingizi au ya akili, acha kabisa mazoezi haya na umwone daktari.

Ile tabia ya kutazama mara mbili imehamia ubaoni. Juzi mkono ulikuwa tayari juu ya malkia. Nikatazama tena, nikamwona askofu wa mpinzani kule pembeni, akilenga mraba uleule niliotaka kumpeleka.