Mlango wa jiko uelekee barabarani

Mleta mada, umesema lodge yako ina vyumba 12 na jiko linakula hela ya vyumba, unataka kulifunga. Subiri kidogo. Nimesimamia lodge ya vyumba 14 Morogoro, jirani na stendi ya Msamvu, na mwaka wa kwanza jiko lilinitoa jasho hivyo hivyo.

Piga hesabu. Siku ya kawaida tulilaza wageni nane. Asubuhi wanakunywa chai iliyomo kwenye bei ya chumba, mchana wako kwenye mihangaiko yao, usiku wanaokula pale ni watatu. Wengine wameshamalizana na chipsi mayai stendi. Kwa hao watatu nilikuwa na menyu ya kurasa sita! Ukiagiza samaki, hakuna. Kuku, subiri saa nzima.

Nikaamua kuuzia mtaa. Nikamwajiri mama ntilie aliyekuwa na wateja wake tayari, supu na chapati kuanzia saa 12 asubuhi. Wiki mbili, kimya. Bodaboda mmoja ndiye aliyenifungua macho: "Bosi, nani aonekane anatoka gesti saa tatu asubuhi? Nikimwambia mke wangu nilifuata supu ataamini?" Nilicheka, ila ndiyo ilikuwa shida yenyewe, maana kuingia kwetu ilikuwa lazima upite mapokezi. Nikatoboa mlango upande wa barabara, nikaweka meza nje na kibao chenye jina la yule mama ntilie, neno lodge halimo. Mwezi haukuisha, sufuria ya supu ikawa inakauka kabla ya saa nne.

Menyu nikaikata: mchana wali au ugali na mboga tatu, basi. Usiku mgeni anaulizwa atakula nini wakati anapewa ufunguo, kabla hajatoka tena.

Halafu kuna daftari. Mayai, mkate na maziwa ya chai ya wageni vilikuwa vinaandikwa matumizi ya jiko, lakini hela yake inahesabiwa mapato ya vyumba. Nilipoanza kulilipa jiko kutoka hela ya vyumba kwa kila kikombe cha asubuhi, sehemu kubwa ya ile hasara niliyokuwa naililia haikuwepo. Wewe chai ya wageni wako unaiandika wapi?