Kofia ya Jino: Hospitali ya Serikali au Kliniki Binafsi?

Wanaoniuliza swali hili huwa wameshatajiwa bei, na bei ndiyo iliyowatisha. Mtu ameziba gego zaidi ya mara moja, safari hii limemeguka, daktari amemwambia linahitaji kuvalishwa kofia, yaani kifuniko kigumu kinacholifunika jino lote juu ya ufizi, naye anataka kujua kama asubiri zamu yake hospitali ya serikali au akope kwenye kikoba aende kliniki binafsi. Mimi nina kofia mbili kinywani. Moja ni ya chuma, niliyovalishwa hospitali ya serikali kwenye gego la chini. Nyingine ni ya kauri, niliyoilipia mwenyewe katika kliniki binafsi mjini Arusha, kwenye jino la juu linaloonekana nikicheka. Zote mbili zinatafuna hadi leo, na ndiyo maana ushauri wangu hauanzii kwenye kibao cha mlangoni bali kwenye jino lenyewe.

Mara nyingi jino linalohitaji kofia limeshatibiwa mzizi, yaani neva yake imetolewa na mizizi ikajazwa, kwa hiyo limechimbwa katikati na kuta zake zimebaki nyembamba. Likiwa gego, ambalo ndilo linalobeba uzito wa kutafuna, lisipopata kitu cha kulikumbatia huweza kupasuka wima hadi mzizini, na likifika hapo mara nyingi halina dawa isipokuwa kung'olewa, iwe kwa serikali au kwa binafsi. Kofia ndiyo inayozikumbatia kuta hizo. Lakini nayo inahitaji pa kushika: juu ya ufizi pawe pamebaki ukingo wa jino zima, wa takribani milimita 2, kuzunguka pande zote. Nilikuwa na jino jingine ambalo nilitaka sana livalishwe, na fedha nilikuwa nimeshaziweka kando, daktari akaligusa kwa kifaa chake, akanionyesha kwenye kioo jinsi upande mmoja ulivyokwisha chini ya ufizi, akasema, "Mwalimu, fedha unazo, lakini hili jino halina pa kushikia kofia." Likang'olewa. Daktari anayekwambia hivyo, wakati angeweza kuchukua fedha zako na kubandika kitu kitakachotoka baada ya muda mfupi, ni wa kumshika.

Kwa hiyo, kabla ya kuulizia bei, omba uonyeshwe picha ya eksirei ya jino hilo na uelezwe mambo mawili: kama mizizi imejazwa vizuri hadi karibu na ncha, na kama hakuna dalili ya usaha chini yake. Kofia nzuri juu ya mzizi uliotibiwa vibaya ni hasara tupu, kwa sababu maumivu yakirudi, kofia hutobolewa au kuvunjwa ili mzizi ufikiwe upya. Kama mfuko wako una mipaka, na mifuko yetu walimu ina mipaka, tumia fedha kwenye mzizi kwanza, mng'ao utafuata.

Kuhusu bima, wengi hudhani kwamba kadi ni ya hospitali za serikali na fedha taslimu ni za kliniki binafsi. Huku kwetu mpaka huo haujanyooka hivyo. KCMC, hospitali ya rufaa ya kanda iliyofunguliwa Moshi mwaka 1971, iko chini ya taasisi ya makanisa. Mawenzi hapa Moshi na Mount Meru kule Arusha ndizo hospitali za serikali zenye hadhi ya rufaa ya mkoa. Na vituo vingi binafsi hupokea kadi ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ambao sisi watumishi wa umma tunauchangia asilimia 3 ya mshahara huku mwajiri akiongeza asilimia 3 nyingine. Mambo haya pia hubadilika. Machi 2024, kitita kipya cha mafao, yaani orodha ya huduma na bei ambazo mfuko hulipa, kilipoanza kutumika, hospitali binafsi kadhaa zilisitisha kwa muda kuwahudumia wanachama wa mfuko huo. Kwa sababu hiyo usitegemee alichoambiwa jirani yako mwaka juzi. Nenda dirisha la bima ukiwa na kadi, utaje huduma moja moja, yaani picha, matibabu ya mzizi na kofia, kwa kuwa kukubaliwa kwa moja hakumaanishi kukubaliwa kwa zote.

Tofauti halisi niliyoiona kati ya pande hizi mbili ilikuwa kwenye malighafi na ratiba zaidi kuliko kwenye mikono ya madaktari. Hospitali ya serikali nilipewa chaguo la chuma peke yake, na kusubiri kulikuwa kurefu. Kliniki binafsi waliniwekea mezani sampuli za rangi, wakanieleza kuhusu kauri iliyopachikwa juu ya chuma na kuhusu zirkonia, aina ya kauri ngumu isiyo na chuma ndani, ambayo kwao ilikuwa karibu mara mbili ya bei. Watu hudharau chuma, lakini kwa gego la nyuma sijutii hata kidogo. Chuma ni kigumu, hakimeguki, na huhitaji jino lichongwe kidogo tu, kwa kuwa unene wa nusu milimita hadi milimita moja unatosha. Kauri iliyo juu ya chuma huhitaji nafasi ya milimita moja na nusu hadi mbili, maana yake ni kwamba sehemu kubwa zaidi ya jino lako mwenyewe inaishia kwenye beseni la kutemea. Kauri hiyo pia huweza kumeguka, na ufizi ukirudi nyuma kwa miaka, mstari mweusi wa chuma huanza kuchungulia. Zirkonia ni imara na ina rangi ya jino, ila isiposuguliwa ikalainika vizuri huweza kulila jino linalokutana nayo. Tahadhari moja kwa upande wa chuma: kama hereni za bei rahisi hukutia muwasho, mwambie daktari, kwa maana baadhi ya vyuma vya meno vina nikeli.

Kwa kifupi, kama jino liko nyuma na hospitali ya serikali inalivalisha, mimi ningesubiri foleni. Kama liko mbele, na kazi yako ni ya kusimama mbele za watu, kulipia kauri kuna maana.

Hapa lazima niseme neno kuhusu meno yetu ya kahawia. Sisi tuliokulia chini ya Meru na Kilimanjaro tunajua maji yetu yalivyo. Pale Arumeru, kwenye kata ya Maji ya Chai, jina lenyewe linatosha. Floraidi, madini ya kwenye maji ambayo yakizidi hutia meno madoa, katika baadhi ya vyanzo vya ukanda huu hupita mbali kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na magadi tunayotia kwenye maharage huongeza yake. Madoa hayo huingia wakati meno yanaumbika utotoni. Nimekutana na vijana walioshawishiwa kuvalisha kofia meno yote ya mbele ili wawe na tabasamu jeupe, meno ambayo hayakuwa yameoza wala kuvunjika. Kuchonga jino zima kwa ajili ya rangi ni uamuzi usiorudishika, na baadhi ya meno yanayochongwa hivyo hufa neva baadaye yakahitaji matibabu ya mzizi. Ulizia kwanza kuhusu kusuguliwa madoa, kung'arishwa kwa dawa au kufunikwa sehemu ya mbele tu. Ukiona kliniki inaruka hatua zote hizo na kuanza kuhesabu kofia, ondoka.

Siku ya kuwekewa, usiwe na haraka hata kama muhudumu anayo. Utapewa karatasi nyembamba ya rangi uiume, nayo itaacha alama pale kofia inapogusa zaidi ya inavyotakiwa, kisha daktari asugue, uume tena. Kliniki yangu ya Arusha ililifanya hilo kwa kulipua, wakanihakikishia kwamba nitazoea. Sikuzoea, jino lilipigwa kwa kila tonge hadi nikashindwa kutafuna hata machalari, ikabidi nirudi wapunguze. Kinywa chako ndicho kinachojua. Kama unahisi kofia inatangulia meno mengine, sema ukiwa bado kwenye kiti.

Kuna jambo nililojifunza kwa mdogo wangu anayeishi Uingereza, ambako wana swali hilihili la huduma ya umma au ya kulipia. Katika huduma ya umma ya England, kofia ina bei moja iliyopangwa, ambayo kuanzia Aprili 2025 ilikuwa pauni 326.70 kwa matibabu yote ya awamu hiyo, na kofia ikiharibika ndani ya miezi 12, kwa kawaida aliyeiweka huirekebisha bila malipo mapya. Hilo la pili nimelibeba. Kabla ya kulipa kliniki binafsi, omba waandike kwenye risiti aina ya malighafi, na muda ambao watarekebisha bila kukutoza. Wa kwangu walisita kidogo, kisha wakaandika. Hakikisha pia kwamba aliyekuhudumia amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Anayekasirika ukimuuliza amekujibu.

Na ikitokea kofia imetoka, jambo ambalo hutokea pande zote mbili, usiibandike kwa gundi ya dukani wala usiimeze kwa kuendelea kula nayo ikiwa imelegea. Isafishe, iweke kwenye kikopo chenye kifuniko, tafunia upande wa pili, uache mahindi ya kuchoma na miwa, kisha uipeleke mapema kwa aliyeiweka, maana jino lililochongwa likikaa wazi huweza kuoza au kusogea, na kofia ileile isiingie tena. Hospitali ya serikali, fika asubuhi siku ya kliniki ya meno ukiwa na kadi yako ya matibabu. Kliniki binafsi, nenda na ile risiti.