Muulize Fundi: Randa ya Kiganja

Tangu niandike kwamba zana ninayoishika mara nyingi kwa siku ni randa ndogo ya chuma, ile inayoenea kiganjani, barua zimekuwa nyingi. Nimechukua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu, kwa sababu ndiyo imeuliza la msingi.

*Shikamoo Fundi. Mimi ni seremala kijana, nimemaliza VETA miaka miwili iliyopita. Nina randa ndefu ya mbao, na mbao kubwa napeleka mashineni. Sasa nataka randa ndogo. Kwa muuza vyuma chakavu nimeona mbili za Stanley, moja imeandikwa 9½, nyingine 60½. Dukani kuna mpya ya bei nafuu, lakini mdomo wake hausogei. Nichukue ipi?*
*Msomaji, Morogoro*

Marahaba, mwanangu. Ya dukani iache kwanza. Si kwa upya wake wala kwa bei yake, ni kwa huo mdomo, yaani mwanya wa chini ambamo makali ya kisu hutokeza. Randa ndogo nzuri ina kirungu mbele. Ukikilegeza, kipande cha chini kinasogea, nawe unaubana au kuufungua mdomo kwa kadiri ya kazi. Ukitaka kutoa maranda membamba kama ngozi ya kitunguu kwenye mbao korofi, mdomo uliobanwa ndio unaoishikilia mbao isinyofoke mbele ya kisu. Mdomo usiosogea utakufaa kuvunja ukali wa kona za mbao, basi.

Sasa hizo mbili. Ziweke ubavu kwa ubavu uzitazame. Kwenye 60½ kisu kimelala sana, digrii 12. Kwenye 9½ kimeinuka, digrii 20. Na randa hizi si kama ile yako ndefu: kisu chake kinalazwa mwinamo wa makali, yaani ule upande ulionolewa mshazari, ukitazama juu. Nimewahi kuletewa randa "mbovu" na wanafunzi watatu, kila mmoja kwa wakati wake, na ubovu wote ulikuwa kisu kilichogeuzwa.

Kwa kuwa mwinamo uko juu, pembe inayoikuta mbao ni mlalo wa kisu ukijumlisha na mwinamo ulionoa. Noa digrii 25: 60½ itakata kwa 37, na 9½ itakata kwa 45. Randa yako ndefu haina hesabu hiyo. Mwinamo wake uko chini, kwa hiyo hata ukinoa vipi, pembe ya kukata ni ileile ya kitanda chake, yaani pale kisu kinapolala.

Hapo ndipo ninapokuambia uchukue 60½. Pembe ya chini unaweza kuipandisha kwa kunoa kisu cha pili chenye mwinamo wa digrii nyingi zaidi, na hapo una randa mbili ndani ya mwili mmoja. Ya juu huwezi kuishusha: ukinoa chini sana ya digrii 25, makali yanakatika ukigusa fundo la kwanza. Nikuambie ukweli, kiganja changu kinaipenda zaidi 9½. Zile za zamani kisu chake ni kipana kidogo, kama milimita 41 kwa 35 za mwenzake, na mgongo wake umekaa vizuri mkononi. Lakini wewe unanunua moja.

Kabla hujatoa pesa, toa kisu chote nje. Chunguza pembeni mwa mdomo kama kuna ufa. Mwili wa randa hizi za zamani ni chuma cha kumimina, hakipindi, kinapasuka. Yangu ya kwanza niliiangusha kwenye sakafu ya saruji nikikimbizana na milango ya mteja, kipande cha mdomo kikabaki chini, na kazi ikaishia hapo. Kisha tazama upande bapa wa kisu karibu na makali: kutu ya juujuu inasuguliwa, vishimo vilivyoingia ndani haviondoki kwa urahisi, na kila kishimo kitakuwa pengo kwenye makali. Mwisho, hakikisha skrubu na kirungu vyote vipo. Thredi zake si za kawaida, boliti ya duka la vifaa haiingii.

Ukishafika nayo nyumbani, usiijaribu. Inoe. Mimi natumia kipande cha kioo cha milimita 6 na msasa wa maji, namba 400, kisha 800, kisha 1200, ninaubandika kwa maji yenyewe. Anza na upande bapa, sentimita mbili tu za mwisho, mpaka uone sura yako humo. Kisha mwinamo, mpaka ukipitisha kidole kwa nyuma usikie chuma chembamba kama unywele kimejikunja kutoka kona hadi kona. Kisipofika kona zote, hujamaliza, rudi. Kitoe kwa msasa mlaini upande bapa, halafu malizia kwenye mkanda wa ngozi.

Jaribio langu ni kichwa cha mbao ya paini, yaani mwisho wake uliokatwa kukatiza nyuzi. Kisu kikali kinaacha kichwa kinang'aa, miduara ya mti unaihesabu. Kisu butu kinaiponda, unabaki na unga mweupe na vishimo. Ukiona unga, usikaze mkono, rudi kwenye kioo. Na ule mkono wa kifuniko kinachokibana kisu, ukaze kiasi cha kisu kutohama tu. Ukikaza mno, skrubu ya nyuma inayosogeza kisu inagoma.

*Fundi, salaam kutoka Mombasa. Natengeneza meza ndogo na droo za mvule. Nikipiga randa, mbao inang'oka vipande hata nikienda na nyuzi, na nikifika kwenye kichwa cha mbao ukingo wa mwisho unapasuka. Kosa ni langu au la randa?*
*Dada seremala*

Kosa ni la mvule, dada yangu, usione aibu. Nyuzi zake zinapishana: ukanda mmoja umelala huku, unaofuata umelala kule. Kwa hiyo unapokwenda na nyuzi za ukanda huu, ukanda wa jirani unauendea kinyume. Dawa yake ni pembe kubwa. Noa kisu cha pili kwa digrii 40. Kwenye randa ya digrii 12, kama ile 60½, unapata 52, na hapo kisu kinakwangua zaidi kuliko kupenya chini ya nyuzi. Banisha mdomo mpaka mwanga upite kama unene wa karatasi, toa kidogo sana, na usukume randa moja kwa moja. Wengi wanaiweka mshazari kwa sababu inakuwa nyepesi mkononi. Wepesi huo unatokana na pembe kupungua, nawe hapo hutaki ipungue.

Na ukisikia kisu kimegonga kitu kigumu kikaacha mstari kwenye mbao, usidhani ni msumari. Mvule hubeba mawe ya chokaa ndani yake, mengine madogo kama punje ya mchele, mengine makubwa. Yatoe kwa patasi kuukuu.

Kichwa cha mbao ni habari nyingine. Hapo rudisha kisu cha digrii 25, na hapo mshazari unaruhusiwa. Piga kutoka ukingo huu hadi katikati, geuka, piga kutoka ukingo wa pili hadi katikati. Au bana kipande cha taka nyuma ya ukingo, kikate kiwe sawa na kichwa, kipasuke hicho badala ya kazi yako. Kichwa kikiwa kigumu mno, kifute kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, subiri kidogo, piga. Na kama mbao utaipiga pande zote nne, anza na vichwa, malizia na mbavu ndefu. Mpasuko mdogo uliobaki kwenye kona utaondoka na ubavu.

*Mzee, kwa heshima zote, hivi bado mnahangaika na randa za mkono wakati mashine ya msasa iko?*
*Kijana wa Keko, Dar es Salaam*

Kiti chenye mapindo kipige msasa, sina ugomvi nawe. Lakini droo inayobana kwa unene wa karatasi utaipiga msasa mpaka lini? Msasa hula kingo zaidi ya katikati. Ubavu uliokuwa nyoofu unakuwa tumbo, na droo inayumba ikiingia. Randa inatoa maranda mawili, unajaribu, unatoa moja jingine, imekwisha. Halafu kuna vumbi. Vumbi la mninga linawasha pua na kubana kifua, na wenzako wa siku nzima kwenye mashine unawasikia wanavyokohoa. Maranda hayaingii mapafuni, unayafagia na kuwashia jiko.

Nikiri kwamba randa nayo ina kishawishi chake, maana kutoa ni rahisi mno. Mteja mmoja aliniita masika, mlango wake wa mbele umevimba haufungi. Nikapiga randa mpaka ukafunga vizuri kabisa, nikalipwa, nikaenda. Kiangazi akaniita tena kunionyesha mwanga wa barabarani unaopita kati ya mlango na fremu. Siku hizi mlango wa masika nautoa kiasi cha kufunga kwa kusukuma bega, nauvunja kona kidogo, nampaka mwenyewe maneno ya subira, na naziba ubavu uliorandwa kwa vanishi siku hiyohiyo ili usinywe unyevu zaidi.

*Niko Wete, Pemba. Randa yangu inashika kutu kila wiki. Nifanyeje?*
*Msomaji*

Hewa ya chumvi hiyo, hata huku Tanga tunayo. Kila jioni toa maranda yote mdomoni, hasa ya mbao mbichi, maana ndiyo yanayoshika maji dhidi ya chuma. Futa mwili na kisu kwa tambara lenye mafuta ya cherehani, ifunge kwenye tambara hilohilo, isilale kwenye simenti. Ukiianza kazi asubuhi, futa mafuta ya chini yasichafue mbao, kisha chora mistari miwili mitatu ya mshumaa chini ya randa. Utasikia tofauti kwenye msukumo wa kwanza.