Usiing'oe mikorosho ya babu, ibebeshe
Kaka wa Newala, umeuliza kama ung'oe mikorosho ya babu iliyochoka, upande mbegu za mti wa jirani unaozaa sana. Mbegu hizo usizitegemee: mikorosho huchavushana, kwa hiyo mche wa mbegu si lazima ufanane na mama yake. Kata shina, subiri machipukizi, uyabebeshe vikonyo, yaani uyaunganishe na vijitawi vilivyokatwa kwenye mti huohuo wa jirani. Kikonyo kilingane unene na chipukizi, kisu kiwe kikali na safi, ufunge kwa nailoni, ukaze maji yasipenye. Kwa kuwa mizizi ipo tayari, utaokota mapema kuliko kupanda upya. Ila usikate shamba lote mara moja, utakula nini? Vikonyo vya aina bora ulizia TARI Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo hapo Mtwara.