Roho zikipendana nje ya ndoa, hukumu yake nini?

SWALI: Assalamu alaykum shekhe. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Ujiji, Kigoma. Mume wangu ni mvuvi wa dagaa. Anatoka ufukwe wa Kibirizi jioni, anarudi alfajiri, anakula, analala. Hata akiniletea samaki, mgebuka, anamtua jikoni kimya. Sasa kuna kaka niliyesoma naye chuoni ananiandikia usiku. Anasema roho zetu zilioana kabla hatujazaliwa, na ndoa yangu ni ya miili tu. Ananitolea na hadithi ya Mtume. Moyo wangu umemwelekea. Je, ni kweli? Nidai talaka?

JIBU: Wa alaykumu salaam, mwanangu. Swali lako limenikosesha usingizi, maana huyo hakukujia na uongo mtupu. Amechukua hadithi sahihi akaipindua.

Bukhari na Muslim wameipokea: "Roho ni majeshi yaliyokusanywa, zilizotambuana huzoeana, na zilizokanana hutofautiana." Isome tena. Ndoa imetajwa wapi? Imepokewa kuwa Bibi Aisha (r.a.) aliikumbuka pale mwanamke mcheshi wa Makka alipofika Madina akashukia kwa mwanamke mcheshi mwenziwe. Wanawake wawili waliofanana tabia, basi. Wanazuoni wameieleza hivyo: mwema humvuta mwema, mwovu humvuta mwovu. Sasa mtu anayemwandikia mke wa mwenziwe usiku, akijua mwenye mke yuko ziwani, roho yake iko jeshi gani? Jiulize hilo kabla hujasema roho yako imemtambua.

Na hii habari ya kila mtu kuwa na nusu yake iliyotengwa tangu mbinguni si yetu. Ni ngano ya Wayunani wa kale, waliosimulia kuwa binadamu alipasuliwa vipande viwili, kila kipande kikawa kinamtafuta mwenziwe. Leo inazungushwa kwenye simu imevishwa kilemba, na nyumba za Waislamu zinabomoka. Inaniuma sana. Tazama zama za Mtume: Mughith alimpenda mkewe Barira mpaka akawa anamfuata njiani Madina akilia, machozi yanachuruzika ndevuni. Barira, alipoachwa huru kutoka utumwani, hakumtaka tena. Mtume (s.a.w.) akamwombea arudi kwake. Barira akauliza: ni amri? Akajibiwa: naombea tu. Akasema hana haja naye, na hakulazimishwa. Basi kama mapenzi makali ni ushahidi wa roho kuoana, roho ya Barira ilikuwa wapi?

Roho yenyewe Mwenyezi Mungu amesema ni katika mambo ya Mola, nasi hatukupewa elimu ila kidogo. Huyo kaka nani kamfunulia?

Moyo kuelemea bila kutaka, huandikiwi dhambi. Kumjibu, na kufuta ujumbe mumeo asiuone, hayo ni matendo yako. Yeye lake ni zito zaidi: Mtume amesema si katika sisi anayemharibia mtu mkewe.

Sasa nirudi kwenye mgebuka. Hapo ndipo nilipokwama niliposoma maneno yako. Mtu amekesha juu ya maji, ameuza vyote ufukweni, akabakiza mmoja akaja nao nyumbani. Huyo hajakusahau, mwanangu. Ulimi wake ndio mzito. Surat Ar-Rum, aya ya 21, imetaja mapenzi na huruma pamoja, na huruma ya waume wengi wa huku kwetu haina sauti. Lakini simtetei yote. Mtume alishindana mbio na Bibi Aisha. Mumeo hawezi kukosa hata maneno mawili. Ngoja siku za mbalamwezi, taa za kuvulia dagaa zisipofaa na mitumbwi ikiwa imepandishwa, ameshalala akashiba usingizi. Mwambie: "Baba fulani, nina upweke." Usimtaje mtu, usimlaumu.

Ukiona kweli huwezi kuishi naye, mlango upo. Mke wa Thabit bin Qays alimrudishia mumewe bustani ya mahari wakaachana, wala hakumtia dosari ya dini wala tabia. Hiyo ni khului, na kisheria shauri hupita kwanza baraza la usuluhishi la ndoa. Lakini usiuombe mlango huo kwa ajili ya mtu anayekungoja nje. Ukitoka kwa ajili yake, jua umemfuata mtu aliyeanza kwa khiyana.

Namba yake ifute leo, bila kumuaga. Mumeo akikubali, njooni wote wawili msikitini baada ya Alasiri, nitakaa nanyi.