Kabla ya Kuandika Namba ya Upenyevu wa Mwamba

Kijana unayeanza kazi katika maabara ya miamba hapa Dar es Salaam, jiji linalotumia gesi ya Songo Songo tangu mwaka 2004, shika hili mapema: namba ya upenyevu, yaani wepesi wa gesi au maji kupita ndani ya jiwe, isiyotaja mgandamizo na mwelekeo wa jiwe haijakamilika, hata ikiwa na desimali nne.

Anza na mwelekeo, kwa kuwa ndio unaopotea kwanza. Vipande bapa vya madini ya mika na vya udongo wa mfinyanzi hulala chali mchanga unapotuama, hivyo gesi hupita kwa wepesi zaidi sambamba na matabaka kuliko ikiyakatiza, na katika mawe yenye tabaka nyembamba tofauti hiyo huweza kufika mara kumi na kuzidi. Kabla ya kukata, chora kwa wino usiofutika mshale wa upande wa juu, kisha urudie alama hiyo kwenye kila kipande. Silinda ya jiwe yenye kipenyo cha milimita 38 ikitoka kwenye keekee bila alama, mara nyingi hakuna awezaye kusema ilikaaje ardhini.

Mgandamizo unadai subira zaidi. Chini ardhini mwamba hubeba uzito wa matabaka ya juu huku gesi iliyo ndani ya vinyweleo, yaani vitundu vidogo vya jiwe, ikisukuma kwa ndani, na kinachoubana hasa ni tofauti ya nguvu hizo mbili. Ndiyo maana kadiri gesi inavyovunwa, njia zake husinyaa. Kwenye kifaa, ongeza mgandamizo wa nje hatua kwa hatua, ukisubiri mtiririko utulie kila mara. Usianzie kwenye mgandamizo mkubwa, kwani nyufa zikishajifunga hazifunguki zote unapoulegeza. Ukipima wakati wa kushuka, andika wazi kwamba ulikuwa ukishuka.

Ukitumia nitrojeni, kumbuka alichoonyesha mtafiti Klinkenberg mwaka 1941: gesi yenye mgandamizo mdogo huteleza kwenye kuta za vinyweleo na kutoa namba kubwa kuliko ya kimiminika. Pima kwa migandamizo kadhaa ya gesi, bila kubadili kiasi ambacho jiwe linabanwa, ndipo usahihishe.

Ukitumia maji, linda joto. Mnato wa maji, yaani ukinzani wake wa kutiririka, hupungua kwa takriban asilimia 2 kwa kila nyuzi 1 ya Selsiasi, na kiyoyozi kikizimika mchana wa Februari chumba hupanda haraka. Kwa hiyo soma kipimajoto kilichofungwa kwenye kifaa chenyewe, wala si kile cha ukutani.